Mrija wa Nne

Tangi limekwisha kuoshwa. Kutu nimeing'oa
kwa kokoto na kipande cha mnyororo, nikalitikisa
mpaka mabega yakaniuma.
Sasa limelala juu ya jeki, chini ya pikapu,
linanisubiri nikumbuke nisichowahi kukijua:

mirija minne inaning'inia kwenye fremu,
yote myeusi, yote imepasuka midomo,
na vipande vya utepe alivyovibandika baba
siku alipolishusha, miaka miwili sasa,
vimebaki vyeupe.
Wino umekunywa petroli, ukalewa, ukaenda zake.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini daftari lilikuwapo.

Ni Machi, Dakota ya Kaskazini. Theluji iliyoyeyuka mchana
inaganda tena chini ya mlango wa ghala.
Baba, Halvor Tveit, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
koti nimemfunga vifungo mimi.
Tangu kiharusi kimwangushe, wakati wa kuvuna alizeti,
ana maneno mawili tu: "ndiyo",
na "Bamse", jina la mbwa aliyekufa zamani.

Huu ndio wa kwenda kwenye pampu?
"Ndiyo."
Au huu?
"Ndiyo."

Machache nayajua. Mnene hupeleka mafuta;
mwembamba hurudisha yaliyozidi;
wa tatu ni wa kupumulia, maana tangi likinyimwa hewa
hubonyea tumbo, na gari likakuzimikia njiani.
Ila unene hapa si ushahidi. Baba aliunga
kwa alichokuwa nacho: mpira wa trekta huku,
kule wa mashine ya kukamulia ng'ombe.

Basi nikamhamisha, yeye na ndoo yake, hadi mbele.
Ncha za huko nikazikusanya chini ya boneti,
nikazisogeza kwenye shavu lake la kushoto,
lile ambalo bado linahisi.
Nikarudi nyuma, nikalala chali kwenye saruji,
nikaushika mrija wa kwanza kwa meno, nikapuliza.

Ladha yake: sarafu, varnishi, kitunguu kilichooza.
Kimya. Kisha, kutoka mbali kama urefu wa gari:
"Ndiyo."
Nikapuliza nusu pumzi, kumjaribu.
"Ndiyo," nusu sauti.
Nikaacha kupuliza. Hakusema kitu.

Nikatambaa nje kwenda kuona: mkono wake mzima
ulikuwa umeukamata mmoja, kama mtu ashikavyo sikio la mtoto.
Nikautia rangi yangu ya kucha, mstari mmoja mwekundu, ncha zote mbili.
Wa pili, mistari miwili. Wa tatu, mitatu.

Wa nne, pumzi ilinirudia kooni.
Nikapuliza mpaka masikio yakazibuka. Mbele, kimya.
Nikaufuata kwa vidole, gizani, kando ya ekzosi,
hadi pale lilipokuwa tangi la pili, alilomuuzia Lindqvist
mwaka ule mvua ya mawe ilipotula shamba lote.
Hapo mrija umekatwa. Umezibwa, umekazwa kwa klipu.

Penseli. Ya njano, nusu yake,
na kwenye mti alama za meno madogo. Meno yangu.

Niliitafuta wiki nzima nikiwa darasa la pili.
Nilimsingizia Ingeborg, binamu yangu, mbele ya wote,
hata leo hatuandikiani kadi.
Na kuna mtu aliniambia, bila kupepesa jicho, akila viazi,
kwamba mbwa ndiye aliyeitafuna.

Nikamshikia mbele ya uso.
Akaitazama. Akanitazama.
Upande mmoja wa mdomo ukapanda, mwingine ukabaki ulipo.
"Bamse," akasema.

Penseli nimeirudisha mahali pake. Haijavuja
miaka thelathini na moja, sina sababu ya kuiondoa.
Klipu nimeikaza nusu mzunguko.
Limebaki tangi kupanda, na giza limeshaingia,
na baba anataka chai, nadhani.
Nimemuuliza. Amesema ndiyo.